Birika la Silinda Nane

9 Januari

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya joto, si kwa maneno. Lakini kazi iliyoingia leo inataka maneno kwanza.

Limekuja saa nne asubuhi, likivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu. Mdogo wangu alikuwa chini ya lori la kokoto, miguu tu ndiyo inaonekana. Akasikia uani pamekuwa kimya, na kimya ni kitu asichokiweza, akajisukuma akatoka.

"Dada," akasema, "nani kaegesha roketi hapa?"

Ni gari la michezo. Halina paa, na lilivyo fupi linaniishia kiunoni. Bluu iliyokolea. Boneti ndefu, mdomo wa mviringo mbele, na madigadi yaliyotuna juu ya magurudumu kama misuli ya mtu anayejiandaa kuruka. Nina miaka ishirini na mbili kwenye malori, na sijawahi kulipapasa gari kabla ya kuuliza linaumwa nini. Leo nilipapasa, halafu nikajifuta mkono kwenye ovaroli kama mwizi.

Mwenyewe ni daktari wa meno, mzee mwembamba, shati limenyooshwa kwa pasi.

"Linachemka," akasema. "Nimeliendesha mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja limerudi kwa kamba."

"Ni la asili?"

"Nakala. Nimelitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba, miaka tisa. Injini ya silinda nane nilinunua kwenye gari lililopata ajali. Mwili ni faiba, nimeukandika kwa mikono. La asili sijawahi kuliona."

"Hujawahi?"

"Hata siku moja. Nina picha."

Akafungua bahasha ya picha za eksirei. Ndani zimo picha kumi na nne, nyeusi na nyeupe, alizozikata kwenye magazeti akiwa na miaka kumi na miwili. Moja ina mtu amesimama kando ya gari. Kutokana na kiatu cha yule mtu, Daktari alipiga hesabu ya ukubwa wa gurudumu; kutokana na gurudumu, urefu wa boneti; kutokana na boneti, kila kitu kingine. Nilimsikiliza nikijiambia huyu mzee ana nafasi nyingi maishani.

Mdogo wangu akalizunguka gari mara mbili. "Daktari, mbona hili halina ubovu? Maji unatia, moto upo, linachemka. Hili ni birika!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari akacheka mpaka akashikilia madigadi. Mdogo wangu mtaani wanamwita Redio, kwa kuwa hazimiki.

Daktari anafunga kliniki yake mwezi wa tatu. Anataka kabla ya mvua gari lipande mpaka kwenye mnara wa simu, kilomita tisa za lami na kona, bila kusimama. Mvua zikishika, gari lisilo na paa halina maisha. Nimemwambia wiki moja.

11 Januari

Thamostati. Ndiyo mlango unaofunguka maji ya injini yakipata moto, na ukikwama, gari linachemka. Nimeichemsha kwenye sufuria ya Mama pamoja na kipimajoto. Imefunguka kwenye themanini na mbili, sawasawa. Nzima.

Mama ameiona sufuria. Hajasema neno, na hiyo ni mbaya zaidi.

13 Januari

Kifuniko cha rejeta kinashika presha. Pampu ya maji nzima. Rejeta tumeipitisha maji kinyumenyume, yametoka safi ya kunywa. Feni inavuta upande unaotakiwa. Limeunguruma pale pale uani saa nzima, kwenye jua kali: digrii themanini na sita, geji haikutikisika.

"Limepona kwa kuogopa sura yako," Redio akaniambia.

Alasiri tukatoka nalo, Daktari kwenye usukani, mimi macho kwenye geji. Nataka kuwa mkweli hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: kwa kilomita tano za kwanza nilisahau geji. Umekaa chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa lami. Injini ile huisikii masikioni, unaisikia kwenye meno na mbavu. Daktari alikanyaga mara moja tu, barabara ikatujia kwa haraka ya kutisha, na mimi, mama mzima wa miaka arobaini na tano, nikapiga kelele kama mtoto kwenye bembea.

Kilomita ya sita, digrii mia na kumi na mbili. Mvuke. Kamba ya kumi na mbili.

16 Januari

Nimeandika safari tatu na sasa naona kitu kisichoniingia akilini. Malori yangu huchemka yakitambaa kwenye foleni, na yakipata mwendo yanapoa, kwa sababu upepo unapita kwenye rejeta. Hili ni kinyume. Likisimama linapoa. Likikimbia linachemka. Kadiri linavyokimbia ndivyo linavyochemka.

Ni kama mtu anayetoka jasho akipepewa.

17 Januari

Joto la nje digrii thelathini na nane. Lori la kokoto limeondoka. Birika lipo.

20 Januari

Wiki yangu moja imekwisha zamani. Daktari amekuja na chupa ya chai, akakaa kwenye tairi bovu, hakuuliza lolote. Afadhali angeuliza.

24 Januari

Leo nimekata shauri. Nimemwambia Daktari kwa sauti ya mtu anayejua: "Gasketi ya silinda hedi imekatika. Moto wa injini unapenya kwenye maji. Lazima nifungue."

Redio akasema, "Dada, tungepima kwanza kama kuna gesi kwenye maji. Nusu saa tu."

Nikamwambia azime.

27 Januari

Siku tatu za kufungua. Gasketi nzima. Haina hata mkwaruzo. Nimekaa chini nikaishika mkononi nikiitafutia kosa kama anayemtafutia mkwe sababu.

Redio ameiona. Ameingia dukani kununua soda, akaniletea moja, akaongelea mpira.

Lakini nimeona kitu ambacho nisingekiona kama nisingekosea. Zile njia ndani ya silinda hedi, ambamo hewa hupita kuingia kwenye moto, kiwandani huziacha na vinundu na mikwaruzo, nani atazichungulia? Hizi zimesuguliwa zote nane mpaka zinang'aa kama ndani ya kikombe cha kaure. Nikaingiza kidole. Kidole kiliteleza hakikukutana na kitu.

"Ulitumia nini?" nikamuuliza Daktari.

"Mashine ya kusafishia meno. Kila jioni, baada ya mgonjwa wa mwisho. Miezi kumi na minne."

"Na nani angeona?"

"Hewa," akajibu, bila utani wowote.

Mtu huyu nimemdharau kimoyomoyo karibu wiki tatu.

Baadaye aliokota nati iliyodondoka, ikamtoka. Akaiokota tena, ikamtoka tena. Nikawaza mambo ya chupa, Mungu anisamehe. Akauona mtazamo wangu.

"Ndiyo sababu ya kufunga kliniki, Fundi. Huwezi kumwambia mtu afungue mdomo halafu mkono ukacheza. Ulianza mwaka jana, kidole kimoja."

"Na kwenye usukani?"

"Nikikamata kitu barabara unatulia. Kwa sasa unatulia." Akauweka mkono mfukoni. "Nadhani nimechelewa kidogo kulimaliza."

2 Februari

Nimelifunga. Gasketi mpya, maji mapya, hewa yote imetolewa. Kesho mambo ya lori la maziwa, halafu majaribio.

6 Februari

Nitaandika yote, na nitaandika kama yalivyotokea.

Tulitoka mimi na Redio saa tano. Kilomita ya saba likachemka. Tukalirudisha taratibu uani, likifuka mvuke kila upande, tukalizima. Daktari alikuwa ametufikia, amesimama kivulini. Nilikuwa na hasira. Hasira na gari, hasira na gasketi, na zaidi hasira na mdogo wangu, ambaye njia nzima aliongea juu ya kupima gesi, si kwa kunisuta, ni mazungumzo yake tu, lakini kila neno liliniingia kama mwiba.

Tukangoja robo saa. Nikachungulia geji. Sabini.

Redio alikuwa ameshika kitambaa. "Nifungue?"

"Geji imeshuka," nikasema. "Fungua, tumalize."

Kifuniko hakikuzunguka hata nusu. Maji yalipanda juu kuliko paa la gereji, meupe, yakiunguruma kama kitu kilicho hai, halafu yakamshukia. Alisema neno moja: "Dada." Hakulisema kwa kelele. Alilisema kama anayeniita nije nione kitu.

Mimi sikusogea. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika. Miaka ishirini na mbili ya ufundi, na miguu yangu iligoma.

Aliyesogea ni Daktari. Mzee yule alivuka uani kwa hatua nne, akamshika Redio kiunoni, akamkokota mpaka kwenye bomba la kuoshea magari, akalifungulia lote likamwagikia mkono, bega na shingo. Jirani mmoja akaja mbio na mafuta ya kupikia. "Weka chini!" Daktari akamkemea, sauti sijawahi kuisikia. "Si mafuta, si barafu, si dawa ya meno. Maji ya bomba. Dakika ishirini. Fundi, hesabu saa!" Nikahesabu. Kuhesabu ndiko kulikonirudishia akili. Mikono yake yote miwili ilikuwa inatetemeka, na yote miwili haikumwachia mdogo wangu hata sekunde moja. Alimkatia shati kwa mkasi. Alimwambia maneno ya polepole, yale ambayo bila shaka amewaambia watu maelfu wakiwa wamekaa kwenye kile kiti chake wakiogopa.

Redio hakuongea kitu. Njia nzima mpaka hospitali, hakuongea kitu.

Na geji? Najua kilichotokea, nimekijua tangu nikiwa msichana, na kila anayeanza kazi kwangu namfundisha siku ya kwanza. Maji yakichemka yakamwagika, kile kipimo juu ya injini kinabaki kwenye hewa tupu, hakigusi maji. Kinasoma uongo. Chini yake maji yaliyobaki yanatokota, yamebanwa, yanasubiri mtu afungue.

Nilijua. Nikasema fungua.

7 Februari

Mkono wa kulia, bega, upande wa shingo. Uso umepona, na macho. Wanasema wiki mbili, labda zaidi. Sijafungua gereji.

9 Februari

Nimeenda kwa Mama kumwambia. Mama aliendesha basi la shule miaka thelathini, na bado hukaa kwenye kiti cha sebuleni kama amekalia usukani. Alikuwa anafuma sweta.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia afungue."

"Yeye ameniambia alifungua bila kukuuliza."

"Amekudanganya."

"Najua." Hakuinua macho kwenye uzi. "Nilimuuliza ilikuwaje, akanijibu kwa sentensi moja. Sentensi moja! Huyo mtoto ukimuuliza saa anakueleza historia ya saa. Nikajua hapo hapo anakuficha."

Nililia. Mama akanipa ncha ya uzi nimshikie, tukakaa hivyo hivyo.

Miaka yote nimedhani mdogo wangu hana siri kwa kuwa hana kina.

10 Februari

Daktari amekuja akasema anataka kulichukua gari, alifunike turubai, yaishe. "Hakuna gari la thamani ya ngozi ya mtu," amesema. Nikamwambia aje na pikapu Jumanne. Sikumbishia.

13 Februari

Sikumpa gari, na sababu ni hii.

Nilimkuta Redio ameketi kitandani, bandeji mpaka shingoni, na ameshaanza kuongea, namshukuru Mungu. Wodi ina vitanda kumi na viwili. Madirisha yote yako upande wa upepo, yako wazi, na ndani joto la kuokea mikate.

"Dada, kaa. Tazama pazia."

Pazia lilikuwa limening'inia. Nje miti inayumba, pazia limetulia tuli.

"Siku saba nalitazama pazia hili, sina kazi nyingine. Upepo upo, dirisha liko wazi, hauingii. Nikasema labda ni laana. Sasa ngoja, saa sita muuguzi anapita na kitoroli, anafungua ule mlango wa pili, wa upande wa nyuma. Usitazame mlango. Tazama pazia."

Tukangoja. Muuguzi akaja, akasukuma mlango kwa kiuno. Na pazia, kule upande wa pili kabisa, likajaa, likainuka, likaingia ndani ya chumba kama mtu. Wagonjwa wote kumi na wawili wakashusha pumzi pamoja.

Nilisimama.

"Umeelewa?" akauliza, macho yanamwaka. "Birika lina dirisha. Lina lile domo kubwa mbele. Mlango wa kutokea uko wapi?"

Nikaanza kulipitia gari kichwani. Chini Daktari ameliziba kwa bamba laini, tangu mdomoni hadi nyuma ya injini. Boneti imebana, haina hata tundu. Madigadi yamefungwa. Likisimama, feni inasukuma hewa kidogo, inajipenyeza inapopata. Lakini likikimbia, mlima wa hewa unaingia kwa nguvu, unajaa, hauna pa kutokea. Na chumba kikishajaa...

"Haiingii tena," nikasema. "Kadiri tunavyokimbia ndivyo inavyokataa."

"Nimelala hapa nikilifikiria gari lililoniunguza," Redio akasema, "na bado nalipenda. Niite mjinga."

Nilimbusu kwenye paji la uso, kitu ambacho sijafanya tangu alipoota meno.

16 Februari

Daktari hakukubali kwa maneno. Anataka kuona. "Hewa haionekani, Fundi." Nikaenda kwa Mama nikamwomba uzi.

Tumekata vipande themanini vya uzi wa njano, kila kimoja urefu wa kidole, tukavibandika kwa gundi ya karatasi ncha moja tu, juu ya boneti, kwenye madigadi, na kuzunguka mdomo wote. Gari likaonekana limeota manyoya. Kisha tukaenda kwenye barabara ya machimbo ya zamani, kilomita mbili zimenyooka, hakuna anayepita. Daktari akaendesha gari lake. Mama akaendesha pikapu ubavuni mwake, mimi nimetoka dirishani mpaka kiunoni.

"Mama, sogea!"

"Nimesogea! Unataka nilipande?"

Arobaini. Sitini. Themanini.

Sijui niandike vipi. Juu ya madigadi nyuzi zililala zote kuelekea nyuma, zikifuata kila tuta na kila bonde la ule mwili, kama nywele zilizochanwa na mkono ambao hatuuoni. Zilitiririka. Umbo lile ambalo Daktari alilikandika kwa kukisia, kutoka kwenye kiatu cha mtu kwenye picha, hewa ililitambua. Ililipita bila kuliudhi popote.

Isipokuwa mdomoni. Pale mdomoni nyuzi zote zilikuwa zimesimama, zimepindukia nje, zinakimbia kutoka kwenye tundu. Mdomo uko wazi kabisa, na hewa inapanda juu ya mdomo, inapita zake.

Nimefanya kazi na hewa maisha yangu yote, nimeijaza kwenye matairi, nimeitoa kwenye breki. Leo ndiyo nimeiona. Mama alikuwa anapiga honi bila sababu.

17 Februari

Tatizo ni wapi pa kutoboa. Ukitoboa pasipofaa, hewa itaingilia hapo badala ya kutoka. Daktari ametandaza picha zake zote kwenye boneti, amevaa miwani yake ya kazini ya kukuzia, tumezipitia moja moja. Mwili wote laini. Hakuna tundu.

Kwenye ile yenye mtu, nyuma ya gurudumu la mbele kuna ukanda mweusi, umesimama wima.

"Hicho kivuli," Daktari akasema. "Cha mlango."

Nikatazama miguu ya yule mtu. "Daktari, kivuli cha huyu kimeangukia wapi?"

"Kushoto."

"Basi jua liko kulia. Na upande huu wa gari ndio unaotazama jua."

Aliivua miwani. Akaivaa tena. Akaisogeza picha hadi karibu na pua.

"Miaka hamsini," akasema mwishowe. "Nimeitazama picha hii miaka hamsini, nikakiona kivuli upande wa jua."

Halikuwa kosa la kumcheka. Nilichohisi mimi ni kitu kingine kabisa. Kwamba mahali fulani, kabla sijazaliwa, watu nisiowajua majina walisimama mbele ya gari linalochemka, wakachanganyikiwa kama sisi, wakagundua alichokigundua mgonjwa wetu kwenye pazia, wakakata tundu pale pale.

19 Februari

Tumekata. Alichora mstari mwenyewe, mkono wa kushoto umekamata kifundo cha mkono wa kulia. Ilimchukua asubuhi nzima na mstari umenyooka. Kisha akanipa msumeno mdogo.

"Kata wewe. Na usiniambie niende nje."

Miaka tisa ya kazi yake ilikuwa inadondoka miguuni pangu kama unga mweupe. Hakugeuza uso. Kipande cha kwanza kilipotoka alikipokea kwa mikono miwili.

Tumetoboa pande zote mbili. Pia tumeziba kila mwanya kuzunguka rejeta kwa bati na sponji, ili hewa ikiingia isipate njia ya mkato.

21 Februari

Barabara ya machimbo. Nyuzi mpya. Kwenye arobaini zilisitasita. Kwenye sitini, zote za mdomoni ziligeuka kwa pamoja zikaingia ndani, kama wanafunzi kengele ikilia. Kule nyuma ya magurudumu, kwenye matundu mapya, nyingine zikaruka nje. Niliweka kiganja hapo tulipopunguza mwendo. Hewa ya moto, nzito, inatoka bila kukoma. Lilikuwa linapumua.

Themanini na nane. Tukaenda na kurudi, Daktari akisoma geji: kilomita kumi, kumi na tano, ishirini. Themanini na nane.

Mama amesema anataka nyuzi zake.

24 Februari

Redio ametoka hospitali. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku kumi, na nilipofungua mdomo yakatawanyika. Nikasema tu, "Nilijua geji inadanganya, na nikakwambia fungua."

Akanitazama. "Na mimi nilijua. Nimefundishwa na wewe, siku ya kwanza. Wote wawili tulikuwa na hasira na birika." Kisha, "Ila utanisamehe, Dada, ile gasketi nitaisema mpaka nife."

Aiseme.

28 Februari

Mawingu mashariki. Lori la maziwa, breki.

2 Machi

Mawingu yamesogea. Daktari amewaaga wagonjwa wake leo. Kesho, mvua isipotutangulia.

3 Machi

Tuliondoka saa tatu. Daktari kwenye usukani, mimi pembeni, Mama na Redio nyuma na pikapu. Kamba tuliibeba.

Mlima ule una kona kumi na saba. Kwenye ya kwanza geji ilisoma themanini na saba. Kwenye ya saba, themanini na tisa. Mikono yake ilikamata usukani na haikucheza hata kidogo, na lile gari lilipanda kama linalovutwa kutoka juu, sauti yake ikigonga mwamba na kuturudia. Kona ya kumi na tatu ndiyo yenye mwinuko mkali kuliko zote. Tisini na moja. Nilihesabu pumzi zangu. Tisini na moja. Tukatokea upande wa pili, ikashuka tisini.

Mnarani alizima injini. Pakawa kimya, kasoro mlio wa chuma kinapopoa. Mji wote uko chini, mdogo, kijivu, na mawingu yamekaa juu yake. Aliachia usukani, mkono ukaanza kutetemeka pajani, na safari hii hakuutia mfukoni.

Pikapu ikafika. Redio akashuka akilia waziwazi, akitukana na kucheka. Mama alilizunguka gari, akaligonga tairi kwa kiatu, akasema, "Sawa."

"Fundi," Daktari akaniita. "Nina ombi. Literemshe wewe. Mimi nitangulie na pikapu, nisimame kwenye kona."

"Kwa nini?"

"Nimekuwa ndani yake karibu kila lilipokwenda. Na kule nyumbani limesimama tu." Alitafuta neno. "Sijawahi kuliona likipita."

Nikawapa dakika tano. Nikakaa kwenye kiti chake, nikawasha, mbavu zangu zikaitika. Nilishuka kona mbili kwa adabu. Ya tatu ilipofunguka nikamwona, amesimama peke yake kwenye mawe kando ya barabara, Mama na Redio nyuma kidogo. Nikakanyaga.

Nilimpita kwa mwendo ambao sitauandika, kwa kuwa Mama anaweza kusoma. Lakini uso wake niliuona wote. Daktari wa meno, mdomo wazi kabisa, kama wagonjwa wake wote wa miaka arobaini, na mikono ameining'iniza tu ubavuni, ameisahau.

Matone ya kwanza yalinipiga usoni kwenye kona iliyofuata. Geji ilisoma themanini na sita. Nilitafuta mahali papana, nikageuza, nikapanda tena, ili alione mara ya pili.